Kapi Si Samaki wa Makombo

Uvuvi wa nzi wa bandia una matabaka yake, na ingawa hakuna kanuni iliyoandikwa, kila anayeingia humo huyajua mapema. Juu kabisa wamekaa samoni na trauti. Chini yao wanafuata besi na wenzake. Mwisho wa safu, karibu na mlango wa kutokea, amewekwa kapi: samaki mnene, mwenye magamba makubwa na masharubu manne, anayepita kichwa chini akitifua matope. Wakubwa wa fani wana hukumu moja juu yake. Kapi ni mla makombo, wanasema. Mfinyangie donge la unga au mtungie punje ya mahindi ya kuchemsha, keti kwenye kiti chako, subiri. Akitokea mkaidi anayetaka kumvua kwa nzi, huambiwa achukue yeyote aliyebaki kisandukuni, kwa kuwa samaki anayekula matope hawezi kujua kazi nzuri na kazi mbovu.

Hukumu hiyo hutolewa na watu waliokesha kando ya mito, na ndiyo maana imedumu. Lakini haina ukweli ndani yake. Katika samaki wote wa maji baridi wanaovuliwa kwa ndoano iliyovishwa manyoya na uzi ili ifanane na mdudu, simjui anayemkagua mfungaji wa nzi kwa ukali kumshinda kapi. Nzi wa trauti huweza kuwa na kasoro mbili tatu akala samaki siku hiyohiyo. Nzi wa kapi akizidi uzito kidogo, au akiwa na mkia mrefu, au manyoya yake yakiwa makavu na magumu, mvuvi atarudi nyumbani akisema kapi hali nzi.

Na tusidhani mabishano haya ni ya Wazungu peke yao. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga nzi wa kuuza ng'ambo. Kazi hiyo ipo Nairobi tangu enzi za ukoloni, na vidole vingi vinavyoifanya ni vya wanawake. Nzi anayetupwa kwenye mto wa Colorado huenda alifungwa na mama aliyepanda matatu asubuhi kwenda kibaruani. Dharau inayoanzia kwenye klabu za wavuvi wa trauti haiishii huko. Hushuka mpaka kwenye jiliwa la mama huyo, kwa sababu nzi anayehesabiwa kuwa wa samaki duni huhesabiwa pia kuwa kazi duni.

Tuanze na matope, maana ndiyo silaha kubwa ya wapinzani. Ni kweli kapi huyachota. Hujaza kinywa mchanga, tope na majani yaliyooza, na anayemtazama kutoka ukingoni, akiona mawingu ya vumbi majini, hudhani anashuhudia ulafi. Ndani ya kinywa mambo ni mengine. Katika miaka ya 1980 Ferdinand Sibbing na wenzake wa Wageningen, Uholanzi, waliwatazama kapi wakila kwa kutumia picha za eksirei zinazotembea. Samaki huyu ana kiungo chenye misuli kwenye paa la kinywa, kimejaa vionjio. Palipo na chakula kiungo hicho hubana. Pasipo na chakula hulegea, na uchafu ukaoshwa nje kupitia matamvua. Kilichochaguliwa husukumwa kooni, ambako ndiko aliko na meno, maana kwenye taya hana hata moja.

Mnyama wa namna hiyo humwiti mlafi. Trauti wa mto msafi hupokea chakula kimoja kimoja kinachoelea kuja kwake, na mara nyingi anachokiona ndicho kinacholiwa. Kapi hajapata tonge safi tangu azaliwe. Kila anachovuta kina kokoto, kijiti, ganda la konokono lililo tupu, na katikati yake buu moja dogo. Kazi yake ya kutwa ni kutema visivyofaa. Halafu mtu anatuambia kwamba samaki huyo, bingwa wa kutema, ndiye atakayepokea ndoano iliyofungwa ovyo bila kuuliza.

Masikio nayo yamo. Kapi ana mnyororo wa vifupa vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo husikia sauti ambazo hazimfikii trauti, asiye na vifupa hivyo. Nzi akiangukia maji kwa kishindo, kapi ameshajua. Tena yumo katika kundi la samaki ambao ngozi zao zikijeruhiwa huachia kemikali inayowatia hofu wenzao. Karl von Frisch aliieleza hali hiyo mwaka 1938 kwa kuchunguza samaki wadogo wa jamii moja na kapi. Mmoja akishtuka, unaweza kuona kundi zima linaondoka kwenye maji ya kina kifupi huku likiacha mawingu ya tope nyuma. Mvuvi wa trauti aliyezoea kukosea mara tano juu ya samaki mmoja na bado akampata hatapewa nafasi hizo hapa.

Wale wanaodai kapi hula majani tu sitakaa nao sana. Wanamchanganya na kapi-majani wa Mashariki ya Asia, ambaye ni samaki mwingine kabisa. Kapi wa kawaida hutafuta mabuu mekundu ya usubi, nyungunyungu, konokono, tunutu wa kereng'ende na kamba wa maji baridi. Kwenye kisiwa cha Beaver, ndani ya Ziwa Michigan, kapi wa kilo 10 huonekana kwenye maji meupe ya kina cha goti wakiwinda kamba na samaki wadogo waitwao gobi, na wavuvi huwafuata huko kwa nzi waliofungwa kwa sura ya viumbe hao. Palipo na mforosadi unaoangusha matunda mtoni, kapi huyohuyo wa matope huja juu kuyapokea, na kuna nzi wa forosadi pia: kifundo cha nywele za kulungu kilichopunguzwa kwa mkasi mpaka kikawa mviringo.

Hoja ya harufu ina uzito zaidi, na ningewaheshimu wapinzani kama wangeanza nayo. Kapi, wanasema, ana vionjio midomoni, kwenye masharubu na hata mwilini. Manyoya na uzi havina ladha. Basi hawezi kudanganywa. Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Kosa liko kwenye hitimisho. Nzi hahitaji kumezwa. Anahitaji kuwa kinywani kwa muda wa kupepesa jicho, huku mvuvi akiwa ameuona mdomo ukifunguka na kufunga, naye akaze mshipi muda huohuo. Ladha ndiyo itakayomfanya kapi ateme, lakini kabla ya ladha kuna macho yaliyomleta na kuna ulaini au ugumu wa kitu alichokivuta. Kitu kigumu hutemwa mara moja. Kitu laini, kinachokunjika kama kinavyokunjika kiumbe hai, hubaki kidogo. Kidogo hicho ndicho mfungaji anachouza. Hivyo harufu haiondoi haja ya nzi mzuri. Inaiongeza, kwa sababu muda wa udanganyifu ni mfupi na hakuna nafasi ya uzembe.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, na hapa ningependa anayedharau aje akalie kigoda.

Uvuvi wa kapi kwa nzi ni wa kuona kwanza. Mvuvi hutembea taratibu ukingoni mpaka amwone samaki aliyeinamisha kichwa, mkia ukicheza. Hamtupii kichwani. Hutupa ng'ambo yake kidogo, huvuta nzi juujuu ya maji mpaka afike usawa wa pua, kisha humwachia azame. Eneo ambalo kapi anayekula analijali ni dogo, kama sahani ya wali iliyowekwa mbele ya uso wake. Nzi akitua nje ya sahani hiyo, hakuna kilichotokea. Akitua ndani yake samaki akiwa ameshapita, hakuna kilichotokea pia.

Kwa hiyo nzi lazima azame upesi. Lakini anayezama upesi ni mzito, na mzito huanguka kwa kishindo, na kishindo tumeona kinavyopokelewa. Upesi na ukimya vinagombana, na mfungaji anatakiwa kuvipatanisha juu ya ndoano isiyozidi urefu wa kucha. Nzi wengi wa trauti hawadai upatanisho wa namna hii. Nzi mkavu wa trauti anatakiwa kuelea tu; nzi wa kuzama hubebwa na mkondo, na mto wenyewe humpeleka kwa samaki. Kapi hukaa zaidi kwenye maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, mahali ambapo hakuna mkondo wa kufidia makosa ya mfungaji.

Mwanafunzi huongeza risasi. Fundi hupunguza manyoya. Manyoya mengi ni kama breki ndani ya maji, hivyo nzi aliyevimba huhitaji uzito mkubwa ili azame, na ule uzito mkubwa ndio unaopiga kelele. Ukimpunguzia mavazi, uzito mdogo unatosha. Hapo ndipo macho ya mnyororo wa shanga yanapofaa, vipande viwili vilivyokatwa kwenye mnyororo uleule unaoshika kizibo cha sinki: ni mepesi, hutua kimya, na kwa maji yasiyofika magoti yanatosha kabisa. Maji yakifika kiunoni ndipo yanapohitajika macho ya risasi au shaba, yale yaliyopata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia nzi wa Bob Clouser, kiongozi wa wavuvi kwenye mto Susquehanna huko Pennsylvania. Na akitakiwa nzi mdogo sana mwenye kuzama kweli, ipo shanga ya tangsteni, ambayo kwa ujazo uleule ina uzito wa karibu mara 1.7 wa risasi. Tofauti kati ya hayo matatu haionekani kwenye picha ya katalogi. Huonekana ndani ya maji tu. Mfungaji wa nzi wa kapi asiye na beseni la maji pembeni ya jiliwa lake anakisia.

Mahali pa kuyafunga macho hayo ni suala jingine. Yakikaa juu ya mti wa ndoano, karibu na tundu lake, nzi mzima hupinduka majini, ncha ikatazama juu. Faida yake ni kubwa, kwa sababu nzi huyu atalala chini, kwenye majani na vijiti, na ncha inayotazama chini ingekamata kila kitu isipokuwa samaki. Jay Zimmerman wa Colorado, aliyemtunga nzi aitwaye Backstabber na kuandika kitabu kizima kuhusu nzi wa kapi mwaka 2015, alijenga nzi wake juu ya hesabu hiyo. Lance Egan naye alimfunga nzi wake, Headstand, ili kichwa kiwe chini na mkia uinuke, mkao wa kiumbe anayejichimbia. Lakini macho yakipinda hata kidogo, nzi huogelea ubavu. Hufungwa kwa uzi unaopita mkingamo kama namba nane, tena na tena, kisha huzungushwa chini ya macho kuukaza ule mkingamo, kisha gundi. Anayeruka hatua hiyo ataiona kazi yake ikizunguka kwenye ndoano baada ya kutupwa mara chache.

Kuhusu manyoya, wapinzani wangu wamepotea kwa njia ya kuchekesha. Kwa vizazi vingi wamefundishwa kwamba ngozi ya shingo ya jogoo yenye nyuzi ngumu zinazong'aa ndiyo kilele cha fani. Kwa nzi mkavu wa trauti ni sawa, ugumu huo ndio unaomshikilia juu ya maji, na wapo wafugaji kama Whiting Farms wa Colorado waliowachagua majogoo kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya unyoya huo. Ngozi hizo si za bei ya mtu wa kawaida. Mfungie kapi nzi kwa unyoya huo wa fahari uone: unasimama kama miiba, unapunguza mwendo wa kuzama, na ukigusa mdomo laini wa kapi unamwambia ateme. Anachokitaka kapi ni unyoya wa tetea, ule mlegevu unaonywea maji na kucheza hata nzi akiwa ametulia. Ni manyoya laini mepesi ya bata mzinga. Ni ukanda mwembamba wa ngozi ya sungura. Ni nyuzi mbili tatu za mkia wa tausi. Vitu hivyo vinapumua. Nzi wa kapi mara nyingi haburutwi, amelala tu mbele ya samaki, na kama manyoya yake hayatembei yenyewe basi hakuna kinachotembea. Unyoya wa kuku wa kienyeji unaotupwa jalalani baada ya kunyonyoa unafaa zaidi kwa kazi hii kuliko ngozi ya jogoo wa kifahari. Labda hilo ndilo linalowaudhi wakubwa kuliko yote.

Mkia uwe mfupi. Kapi havuti kwa meno, huvuta kwa kufyonza, na mkia mrefu humpa cha kufyonza bila kuifikia ncha. Ndoano iwe nene na fupi: ile nyembamba ya trauti hunyooka, na ile ya mti mrefu humpa kapi wenzo wa kuing'oa.

Nitakubali jambo moja kabla sijaombwa. Upande wetu nao umeanza kujaa porojo. Kila msimu anatokea nzi mpya mwenye jina la kutisha na rangi tatu zinazong'aa, anasifiwa kuwa ndiye ambaye kapi hawezi kumkataa, na wavuvi wananunua. Mimi naona rangi ya kahawia, ya kijani kilichochujuka na nyeusi zinatosha, katika uzito wa aina tatu. Mwenye nzi hao ana karibu kila anachohitaji kwa mwaka mzima. Barry Reynolds na wenzake, walioandika kitabu chao cha kuvua kapi kwa nzi mwaka 1997, wakati wengi bado walicheka, hawakuhitaji duka zima kuthibitisha kwamba jambo linawezekana. Lakini upuuzi wa wauzaji hauthibitishi dharau ya wakubwa. Unathibitisha tu kwamba wote wawili wanatazama sura ya nzi, na hawatazami anavyokwenda majini.

Sasa watasema: yote hayo ya nini, ikiwa donge la mkate linafanya kazi? Watamtaja Richard Walker, na wana haki ya kumtaja. Tarehe 13 Septemba 1952, kwenye bwawa la Redmire huko Uingereza, Walker alimtoa kapi wa ratili 44, karibu kilo 20, na chambo chake kilikuwa mkate. Samaki huyo aliishi miaka mingi baadaye kwenye akwariamu ya bustani ya wanyama ya London. Sitamvunjia heshima Walker. Ila tuendelee na historia hiyohiyo wanayoipenda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Waingereza wa chambo, Len Middleton na Kevin Maddocks wakiwa mstari wa mbele, walilazimika kubuni mtindo mpya wa kutunga: chambo kining'inie kwenye uzi mwembamba pembeni ya ndoano, kisiguse chuma. Kwa nini? Kwa sababu kapi walikuwa wakivuta donge, wakihisi ndoano, na kulitema bila mvuvi kujua. Hao ndio wataalamu wa makombo, na hata wao, wakiwa na chambo chenye harufu na ladha yote duniani, walishindwa na kinywa cha samaki huyu mpaka wakafikiri upya. Ikiwa mwenye mkate alihitaji ufundi kiasi hicho, mwenye manyoya matupu atauachaje?

Hoja ya mwisho kwa kawaida hutolewa kwa sauti ya uadilifu. Kapi ni mgeni mharibifu, wanasema. Hung'oa mimea ya chini ya maji, huchafua maji, huwanyima samaki wengine makao. Kumfungia nzi mzuri ni kumpa heshima asiyostahili. Kuhusu uharibifu sina ubishi. Anachimba, na mahali alipozidi maji huwa tope na mimea hupungua. Lakini tuwaulize kuhusu ugeni.

Mwaka 1877 Tume ya Samaki ya Marekani, chini ya Spencer Baird, iliwapokea kapi walioletwa kutoka Ujerumani na Rudolph Hessel, ikawaweka kwenye mabwawa ya Druid Hill, Baltimore. Hawakuingia kwa kuotea. Waliletwa kwa fedha za umma, na wabunge waliwaombea wapiga kura wao wagawiwe. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1883, mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa Marekani kutoka nchi ileile ya Ujerumani, yakapokelewa na Fred Mather, na mwaka uliofuata watoto wake wakamwagwa kwenye mto wa Michigan. Mmoja wa wageni hao wawili leo anaitwa takataka, katika majimbo kadhaa anachomwa mishale na kuachwa aoze ukingoni. Mwenzake amepewa klabu, mashairi na sanamu ya shaba ukutani. Wote walikuja zama zilezile, kutoka nchi ileile. Kama ugeni ndio kosa, trauti wa kahawia naye asimame kizimbani.

Kwetu hali ni hiyohiyo. Trauti wa Kenya hana asili Kenya. Ewart Grogan aliwaleta kutoka Scotland mwaka 1905 na kuwaachia kwenye mto Gura, Aberdare. Ziwa Naivasha lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama kidole, aliyeonekana mara ya mwisho mwaka 1962. Besi walipandikizwa humo mwaka 1929 kwa ajili ya burudani ya wavuvi, kamba wekundu wa Louisiana wakaletwa mwaka 1970, na kamba hao walichangia sana kumaliza mayungiyungi ya ziwa. Kapi alionekana nyavuni mwaka 2001, na katika miaka michache akawa ndiye anayejaza mitumbwi. Yeye aliingia baada ya hao, katika ziwa ambalo karibu kila anayeogelea ndani yake aliletwa na mtu. Anayemvua besi wa Naivasha kwa nzi na kujisifu, kisha akamtemea mate kapi kwa sababu ya ugeni, anachagua ugeni unaompendeza.

Zaidi ya hapo, hoja ya uharibifu haigusi kabisa swali letu. Tulikuwa tunauliza kama nzi wa kapi ni kazi ya ufundi. Anayejibu kwamba kapi ni samaki mbaya amejibu swali ambalo hakuulizwa. Na kama kweli anataka wapungue, basi nzi anayekamata ni bora kuliko nzi asiyekamata. Kapi wa Naivasha haachwi aoze. Anauzwa, anapakwa chumvi na ndimu, anakaangwa, na watu wanalalamikia miiba tu.

Nikiri pia mpaka wa ninachodai. Maji ya Naivasha mara nyingi ni ya tope, na pale ambapo mvuvi hamwoni samaki, nzi hana kazi kubwa. Donge na nyavu vitashinda. Kuna viboko pia, na mtu anayetembea polepole kando ya mafunjo akitazama majini, bila kutazama nyuma yake, anacheza na uhai wake. Nzi wa kapi ni chombo cha maji yanayoonekana: mito inayopita mijini kama South Platte ndani ya Denver, kingo za Maziwa Makuu ya Marekani, kina kifupi cha mto Columbia. Huko ndiko soko lilipo, na soko hilo linaweza kulishwa kutoka Nairobi kama linavyolishwa la trauti.

Nzi huuzwa kwa dazeni. Mnunuzi anayeshikilia hukumu ya wakubwa atataka dazeni ya nzi wa kapi iwe rahisi kuliko dazeni ya nzi wa trauti, kwa maelezo kwamba ni wa kapi tu. Mfungaji amwekee wote wawili mezani na wahesabiwe hatua zao. Nzi wa trauti wa kuzama, wa aina iliyozoeleka: mkia, kiwiliwili, waya wa kuzungusha, kichwa. Nzi wa kapi: macho yaliyokatwa, yakapimwa, yakafungwa kwa mkingamo na kutiwa gundi, mkia uliopunguzwa kwa kipimo, kiwiliwili chembamba kisichovimba, unyoya wa tetea uliozungushwa mara mbili tu na kulazwa nyuma, kisha kila dazeni kupitishwa kwenye beseni, na anayeogelea ubavu akatwe kwa wembe na aanzwe upya. Mnunuzi aonyeshe ni hatua ipi kati ya hizo angependa iondolewe ili bei ishuke, na aiandike kwenye oda yake kwa jina lake.